Kijakazi, malkia, mtakatifu: tunamjuaje Balthild?

Mjini Chelles, mwendo mfupi mashariki ya Paris, zimehifadhiwa nywele za mwanamke aliyefariki miaka zaidi ya 1,300 iliyopita. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, zikaanza kuingia mvi, na utepe wake bado upo. Pamoja nazo kuna joho la hariri na kipande cha vazi la kitani, upande wa mbele tu, ambacho kifuani kimetariziwa vidani na msalaba mkubwa kwa nyuzi za hariri za rangi mbalimbali. Kwa karne nyingi watu walisali mbele ya masanduku yenye vitu hivi bila kujua hasa ndani kuna nini. Mwaka 1983 masanduku yakafunguliwa, watafiti wakaanza kazi.

Mwenye nywele hizo, kwa mapokeo ya Chelles, ni Balthild. Wafaransa humwita Bathilde. Alikuwa malkia wa Wafranki katika karne ya 7, ni mtakatifu wa Kanisa, na aliingia katika nchi hiyo akiwa bidhaa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Kijakazi aliyenunuliwa, tena kwa bei ya chini, akaishia kuwa mke wa mfalme na mama wa wafalme watatu.

Ukimsimulia mwanafunzi wa historia kisa cha namna hii, kitu cha kwanza atakachouliza ni: nani kasema? Na hapo ndipo Balthild anapovutia. Habari zake zimetufikia kwa njia tatu ambazo hazipatani. Kuna mtawa aliyempenda, kuna padri aliyemchukia bila kumwona, na kuna vitu vyenyewe, ambavyo havisemi neno mpaka uviulize. Swali lililo katikati si dogo: mtu aliyewahi kuuzwa, siku aliposhika madaraka, aliifanyaje biashara iliyomuuza? Na njiani aliumia nani?

Bei ya chini

Chanzo chetu kikuu ni Vita Domnae Balthildis, wasifu wa Kilatini ulioandikwa muda mfupi baada ya kifo chake, ambacho kilitokea mnamo mwaka 680. Mwandishi hakutaja jina. Ila anajua mambo ya ndani ya monasteri ya Chelles kiasi kwamba wataalamu wengi wanaamini alikuwa mtawa wa hapo, mtu aliyemfahamu malkia kwa macho. Kwa maandishi ya zama hizo hii ni bahati. Watakatifu wengi waliandikiwa wasifu vizazi vingi baadaye, na watu ambao hawakuwahi hata kukutana na mjukuu wa aliyewaona.

Wasifu unasema Balthild alitoka ng'ambo ya bahari, wa kabila la Wasaksoni, yaani huko ambako leo ni Uingereza. Akauzwa kwa bei ya chini, akaangukia mikononi mwa Erchinoald, msimamizi mkuu wa ikulu ya Neustria, ufalme wa magharibi wa Wafranki. Usidanganywe na cheo. Katika karne ile mfalme alikuwa na jina na nywele ndefu, lakini msimamizi wa ikulu ndiye aliyekuwa na funguo. Balthild alimhudumia kinywaji mezani, akawavua wakubwa viatu, akawachotea maji na kuwaosha miguu. Mke wa Erchinoald alipofariki, bwana mkubwa akataka kumwoa msichana. Msichana akajificha pembeni, akajifunika matambara machakavu mpaka bwana akakata tamaa na kuoa mwingine. Muda si mrefu, mnamo mwaka 648, akaolewa na mfalme mwenyewe, Clovis II, ambaye alikuwa bado kijana mdogo.

Sasa tuulize. Ni kweli alikuwa mtumwa?

Wapo wanahistoria wanaosita. Wasifu wa mtakatifu una desturi zake, na mojawapo ni kumwinua mnyonge kutoka mavumbini, kama Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake akaishia kuitawala Misri. Msomaji wa monasteri angeielewa lugha hiyo mara moja. Huenda basi Balthild alikuwa binti wa watu wenye hadhi, akapelekwa kwa Erchinoald kama zawadi au dhamana ya urafiki, kisha mwandishi akapaka unyenyekevu juu yake. Hadithi za baadaye zilikwenda mbali zaidi, zikasema alikuwa wa damu ya kifalme.

Mimi nasimama upande wa wasifu wa kwanza, na sababu yangu ni hii: ulipoandikwa, mwanawe Theuderic III alikuwa bado mfalme. Kumwandikia mama wa mfalme aliye hai kwamba alinunuliwa kwa bei rahisi si jambo la kubuni hivi hivi. Isitoshe, ndoa ya aina hii haikuwa ajabu kwa wafalme wa ukoo wa Merovingi. Dagobert, baba yake Clovis, alimwoa Nanthild, mwanamke wa kundi la watumishi. Kizazi kimoja kabla, Theudebert II alikuwa na malkia aitwaye Bilichild ambaye alinunuliwa kwa wafanyabiashara. Ukifikiri kisiasa ni mahesabu mazuri tu. Mke wa kutoka ukoo mkubwa huja na mashemeji, na mashemeji huja na madai. Mke aliyenunuliwa hana kaka wa kuomba jimbo.

Kitabu kingine, historia fupi ya Wafranki iliyoandikwa mwaka 727, hakigusi suala la utumwa, lakini nacho kinasema malkia alikuwa Msaksoni, mzuri wa sura, mwenye akili na nguvu. Mumewe hakisemi mema hata kidogo: mlevi, mlafi, mzinzi. Ndivyo tunavyojua, angalau, nani ndani ya nyumba ile alikuwa na kichwa kilichotulia.

Watu waliokuwa wakipita bandarini

Kabla hatujamfikisha kwenye kiti, tuangalie biashara yenyewe. Uingereza ya karne ya 6 na 7 ilikuwa na falme ndogo ndogo zisizokwisha kupigana, na kila vita ilizaa mateka. Mateka walivushwa mlango wa bahari hadi Gaul, wakauzwa huko au wakapelekwa kusini, Marseille, kuelekea Bahari ya Kati. Mwaka 595 Papa Gregori Mkuu alimwandikia msimamizi wa mashamba ya Kanisa huko Gaul, Candidus, akimwagiza atumie fedha za mapato kununua vijana wa Kiangli wa miaka 17 au 18 ili walelewe kwenye monasteri. Barua hiyo haishangai kwamba vijana hao wanauzwa. Inajadili matumizi ya fedha.

Katika ikulu aliyoingia Balthild alikuwepo mtu mwenye uzoefu mkubwa wa jambo hili: Eligius, sonara hodari aliyekuja kuwa askofu wa Noyon mwaka 641. Wasifu wake unaeleza jinsi alivyokuwa akikimbilia meli ziliposhusha watu, akanunua mateka ishirini, thelathini, hamsini, mara nyingine shehena nzima, wengi wao Wasaksoni, kisha akawaachia huru. Fedha zikiisha alivua mkanda wake wa thamani.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii: kukomboa. Unakomboa kitu kilichowekwa rehani, unakomboa mateka, na Wakristo humwita Yesu Mkombozi. Maana zote zimebeba fedha au gharama ndani yake. Kwa mtu wa karne ya 7 zilikuwa jambo moja, na Eligius alipotoa sarafu bandarini aliamini anarudia kwa udogo kile Kristo alichofanya kwa ukubwa. Lakini ukikaa ukafikiri kama mchumi unaona tatizo: anayenunua ili kuachia huru bado ni mnunuzi. Mfanyabiashara anaondoka na fedha, na meli inarudi kuchukua wengine.

Miaka minane ya kushika hatamu

Clovis II alifariki mwaka 657. Mrithi, Chlothar III, alikuwa mtoto mdogo. Mpaka mnamo mwaka 665 mama yake alitawala kwa niaba yake, akishirikiana na maaskofu wachache na Ebroin, aliyeshika nafasi ya Erchinoald.

Wasifu unamhesabia mambo matatu. La kwanza, alipiga marufuku uaskofu kununuliwa kwa fedha. La pili, aliondoa kodi fulani ambayo, kwa maneno ya mwandishi, iliwafanya watu waone afadhali watoto wao wafe kuliko kuwalea. Wanahistoria wengi wanaisoma kuwa kodi ya kichwa: kila mtoto aliyezaliwa alikuwa kichwa kipya cha kulipiwa. Babu zetu waliotafutwa na askari wa kodi ya kichwa wakati wa mkoloni wasingehitaji tanbihi hapa. Mwandishi anaitaja kwa sentensi mbili tu na kusonga mbele, lakini mimi huwa nasimama hapo. Ni mara chache sana maandishi ya zama hizo yanatuonyesha mkulima akipiga hesabu ya namna hiyo gizani.

La tatu ni lile tulilokuwa tukilingoja. Alikataza mateka Wakristo kupelekwa nje kupitia nchi ya Wafranki, akatuma amri katika kila jimbo. Tena hakuishia kwenye kukataza. Alitoa fedha akakomboa watu wengi, hasa wa taifa lake mwenyewe, wanaume na wasichana, na baadhi yao akawaweka kwenye monasteri.

Hebu tupime amri hii bila kuipamba. Mtandaoni utakuta maelezo kwamba Balthild alifuta utumwa. Hakufuta. Marufuku ilihusu Wakristo, na ilihusu kuwauza nje. Asiye Mkristo hakuguswa, na mtumwa wa shambani hakuguswa. Mashamba ambayo malkia mwenyewe aliyagawia monasteri yalikuja na watu waliofungwa kwenye ardhi ile. Wala wazo halikuzuka kichwani mwake peke yake: kikao cha maaskofu kilichofanyika Chalon kati ya miaka 647 na 653, wakati mumewe yu hai, kilishakataza kuuza watumwa nje ya mipaka ya ufalme wa Clovis. Maaskofu walipitisha kanuni, yeye akaitilia nguvu ya serikali na fedha za hazina.

Na wale waliokombolewa wakapelekwa monasteri, walikuwa huru? Inategemea unamuuliza nani. Waliponea meli na soko. Hawakurudi kwao. Sijui kama msichana wa miaka 15 aliulizwa anataka nini.

Hata hivyo, angalia tofauti kati yake na Eligius. Eligius alisubiri meli ifike. Balthild aligusa njia yenyewe, akaifunga kwa aina fulani ya watu na katika eneo fulani. Hatuna takwimu za kutuambia njia hiyo ilifungika kiasi gani. Tunachojua ni kwamba amri ilitolewa na mtu aliyewahi kupitishwa humo, na kwamba mtawa wa Chelles, aliyekuwa na mambo mengi ya kimiujiza ya kuchagua, aliona hili linafaa kukumbukwa.

Yezebeli

Sasa tuvuke tena bahari, tusikie upande wa pili.

Mwanzoni mwa karne ya 8 padri Mwingereza, Stephen wa Ripon, aliandika wasifu wa Askofu Wilfrid. Ujanani Wilfrid alikaa Lyon kwa askofu wa mji huo, ambaye alimpenda kama mwana. Kisha, anasema Stephen, malkia mwovu aitwaye Balthild akaanza kulitesa Kanisa la Mungu. Aliwaua maaskofu tisa, mbali na mapadri na mashemasi, na askofu wa Lyon alikuwa mmojawapo. Anamfananisha na Yezebeli aliyewaua manabii. Beda, mwanahistoria mkubwa wa Uingereza, akaichukua habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 731, na hivyo ikasambaa.

Mtakatifu aliyeua maaskofu tisa? Taratibu.

Stephen ana makosa ya wazi. Askofu anamwita Dalfinus, wakati askofu wa Lyon aliitwa Aunemund. Idadi ya tisa haipatikani mahali pengine popote. Na tukumbuke kwamba jina Yezebeli lilikuwa fimbo iliyokaa tayari kwa malkia yeyote mwenye nguvu. Brunhild, malkia aliyemtangulia, alishapigwa nayo. Mwanahistoria Mwingereza Janet Nelson aliandika makala maarufu mwaka 1978 kuhusu malkia hawa wawili, akaonyesha jinsi mwanamke aliyetawala alivyohukumiwa kwa jina hilo hata pale alipofanya mambo yale yale waliyofanya wafalme.

Lakini kumtupa Stephen wote kapuni itakuwa upendeleo. Aunemund aliuawa kweli, katika miaka hiyo. Na nani aliyekuja kukalia kiti cha Lyon baada yake? Genesius, padri wa ikulu, yule yule aliyekuwa akigawa sadaka za malkia kwa maskini. Wasifu wa Chelles unamsifu Genesius kwa moyo wote, na haumtaji Aunemund kabisa. Ukimya huo unasema kitu.

Lyon ilikuwa mji tajiri kule kusini, na familia ya askofu ilikuwa na nguvu zake. Serikali ya mtoto mfalme iliyotaka kushika maaskofu wote mkononi isingefurahia mtu wa aina hiyo. Balthild alishazichukua monasteri kubwa, zikiwemo Saint-Denis na Saint-Martin ya Tours, akazipa uhuru dhidi ya maaskofu wa mahali, kwa sharti kwamba watawa wafuate kanuni kali na wauombee ufalme. Ni mageuzi ya kidini, na papo hapo ni kuwapunguzia maaskofu mapato na ubabe. Aliyetoa amri ya kumuua Aunemund hatumjui. Kwamba mauaji yalifanyika chini ya utawala wake, na mtu wake akafaidika, hilo halikwepeki. Marufuku ya utumwa na damu ya Lyon vilitoka katika ikulu moja.

Kutoka, au kutolewa

Mnamo mwaka 665 askofu mwingine, Sigobrand wa Paris, aliuawa na wakuu waliomchoka. Huyu alikuwa wa upande wa malkia. Mwandishi wa wasifu, kwa adabu zake zote, anashindwa kuficha kilichofuata. Balthild, anasema, siku zote alitamani kuingia Chelles, lakini wakuu hawakumruhusu. Ghafla wakaruhusu, haraka haraka, kwa kuwa walikuwa wamemuua askofu bila ridhaa yake na wakaogopa atalipiza. Anaongeza kwamba malkia alikuwa na lawama kubwa kwa watu aliowalea kwa upole, ambao sasa walimshuku bila sababu. Baadaye akawasamehe.

Ukisoma mistari hiyo mara mbili unaona mapinduzi. Yaliandikwa na mtu aliyetaka yaonekane kama wito wa utawa, na labda yalikuwa yote mawili.

Chelles aliijenga yeye, mnamo mwaka 658, pamoja na Corbie ya watawa wa kiume kaskazini karibu na Amiens. Chelles alimweka Bertila kuwa mama mkuu. Alipofika mwenyewe hakudai ukubwa. Alimtii Bertila, akafanya kazi jikoni, akasafisha uchafu hadi wa vyoo. Tunaweza kusema ni sifa za kawaida za wasifu wa watakatifu, na ni kweli. Lakini kwa watawa wengine waliotoka koo kubwa, kufagia kulikuwa unyenyekevu wa kujifunza. Balthild alikuwa amewahi kuosha miguu ya watu kwa sababu hakuwa na hiari.

Aliishi hapo miaka kama kumi na mitano. Mwishoni alisumbuliwa na ugonjwa wa tumbo. Aliota, au aliona, ngazi imesimama mbele ya altare ya Maria ikifika mbinguni, na yeye akiipanda. Sikukuu yake Ufaransa ni tarehe 30 Januari.

Vidani vya uzi

Turudi kwenye lile vazi.

Wasifu wa Eligius una kisa kinachomhusu. Baada ya kifo chake mwaka 660, Eligius alimtokea mtu wa ikulu usiku, akamwagiza amwambie malkia avue mapambo yake kwa ajili ya Kristo. Balthild alivua. Sehemu akagawia maskini, sehemu akaitumia kutengeneza msalaba wa kuwekwa kwenye kaburi la sonara yule, akabaki na bangili za dhahabu tu.

Na kitani cha Chelles kina nini kifuani? Mapambo. Mikufu, medali, msalaba, vyote kwa sindano na hariri. Baadhi ya wataalamu wanasema ndiyo ile dhahabu iliyovuliwa: malkia aliivua, lakini alama ya cheo chake ikabaki katika uzi, jambo ambalo hakuna wa kulilaumu. Wengine wana tahadhari, wanasema vazi linaweza kuwa na shughuli nyingine. Kinachokubalika ni kwamba michoro ile inafuata mtindo wa vito vya kifahari vilivyovutwa kutoka Konstantinopoli, vya hadhi ya ikulu. Aliyetarizi alikuwa amewahi kuviona kwa karibu. Tena hapa, kwa mara ya kwanza, tuna ushahidi usiotoka kwenye kalamu ya anayemsifu wala anayemlaani.

Masalia yalihamishiwa kanisa jipya la Chelles mwaka 833. Monasteri yenyewe haikuponea Mapinduzi ya Ufaransa, ikabomolewa, lakini masanduku yaliokolewa.

Vitabu na muhuri

Kuna hadithi ya zamani kwamba wana wawili wa Balthild waliasi, wakakatwa mishipa ya miguu na kuachwa kwenye mashua juu ya mto Seine. Mchoraji Luminais aliichora mwaka 1880 na watu bado huiulizia. Haina ukweli, maana wanawe walikuwa watoto wakati baba yao anafariki.

Urithi wake halisi ni mkavu zaidi, ila mkubwa. Corbie ikawa moja ya karakana kuu za kunakili vitabu. Huko, katika miaka ya 770 chini ya Abate Maurdramnus, ilinakiliwa Biblia ambayo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa ya mwandiko wa Kikarolingi, mama wa herufi ndogo za Kirumi ambazo unazisoma sasa hivi. Chelles nayo, chini ya Gisela, dada yake Karolo Mkuu, ilikuwa na watawa wa kike wanakili. Wengine waliandika majina yao kwenye kazi zao.

Kabla ya hapo, wakati wa Bertila, lilitokea jambo ambalo wasifu wa Bertila unalitaja kwa kupita. Wafalme wa Wasaksoni wa ng'ambo walimwomba awapelekee walimu. Akawatuma watu wake, na pamoja nao masalia na vitabu vingi. Njia ni ile ile ya bahari aliyopitishwa msichana wa bei ya chini, safari hii kuelekea upande wa pili.

Na kitu kingine kilivuka pia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu mwenye kifaa cha kutafutia madini alikuwa akipita shambani huko Postwick, nje kidogo ya mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Akapata muhuri wa dhahabu, kipenyo chake kama milimita 12, uliotengenezwa uzunguke kwenye pete. Upande mmoja una mwanamume na mwanamke walio uchi, wamekumbatiana chini ya msalaba. Upande mwingine una uso wa mtu na jina lililoandikwa kwa herufi za Kifranki: BALDEHILDIS.

Inawezekana ulikuwa wa mwanamke mwingine mwenye jina hilo. Lakini dhahabu, kazi ya kigeni, na muhuri wa mwanamke katika zama ambazo wachache sana walikuwa na muhuri, vyote vinawafanya watafiti wengi wamfikirie malkia. Huenda aliutoa zawadi, huenda alimpa mjumbe ili aaminike huko aendako. Sasa umo katika jumba la makumbusho la Norwich Castle. Upande wa jina ni wa kugonga nta kwenye barua za serikali. Ule wa wapendanao, wanadhani, ulikuwa wa barua za faragha.